Kukoroga zinki bila mwiko

Propela ilikuja karakana imefungwa kwa kikoi. Nahodha akaifungua pale mezani polepole bila kusema kitu, mabawa mawili yapo, la tatu limekatika shinani, limebaki huko mlango wa Mkanda kwenye matope. Kelele alikuwa ashapiga kwa simu tangu usiku, asubuhi alitaka tu Ami aione kwa macho yake. Na Ami akaiona. Ile propela aliisubu mwenyewe, yaani aliyeyusha chuma akakimimina kwenye kalibu ya mchanga, kwa mkono wake, na haikuwa na hata miezi miwili majini.

Kwa wasiomjua (na Amu nzima, yaani Lamu, wanamjua), Ami yangu ana karakana Wiyoni, anatengeneza injini za boti, anachomea, na akipata skrapu ya kutosha anasubu vitu vidogo vidogo, chubwi za risasi za wavuvi, vikorokoro vya shaba vya majahazi, na propela za aluminiamu za zile injini kuukuu ambazo spea zake hazipatikani tena, na zikipatikana bei yake unaweza kuoa. Kusubu huku kwetu si jambo la jana. Ile siwa, lile baragumu kubwa la shaba lililoko makumbusho, wazee waliisubu kwa njia ya nta, na ukiitazama vile ilivyonakshiwa unajiuliza sisi wa siku hizi tumepotelea wapi.

Mimi ni fundi wa stima, navuta waya majumbani na kufunga sola, kusubu sijui. Lakini nina tabia moja, kitu kikivunjika lazima niangalie ndani kwanza. Nkaichukua ile propela nkaipeleka mwangani. Pale ilipokatika palikuwa na vitundu vidogo vidogo kama mkate wa sinia, na baina ya vitundu kuna vibapa vinang'aa, vikubwa, kama chumvi ya mawe. Bawa lenyewe ukilikata huko juu ni laini, limeshikana vizuri. Ni pale shinani tu. Nkamuuliza Ami mbona huku kuko hivi na kule kuko vile, chuma si kimoja, kimetoka chungu kimoja, kimemiminwa siku moja? Akanambia, "Mwanangu, chuma kikishaingia mchangani ni baina yake na Mola wake, mimi kazi yangu imeisha."

Hilo neno lilinikaa sana. Manake ni kweli, mhunzi anachagua skrapu, anapuliza moto, anatengeneza kalibu, anamimina, halafu zile dakika chache ambazo chuma kinaganda, ambazo ndizo zinaamua kitakuwa kigumu au kitavunjika, yeye amekaa anafuta jasho. Hawezi kuingiza mkono. Nkaanza kusoma usiku kama kuna watu wamepata njia ya kuuingiza, na kumbe wapo, tena zamani, na mkono wenyewe ni sumaku.

Kabla ya hiyo sumaku lakini ngoja niwaeleze kinachotokea chuma kikiganda, na kwa hili simhitaji mwalimu, nina mamangu. Mamangu anauza barafu za ukwaju, zile za kwenye karatasi za plastiki, na kila mtoto wa Amu anajua ukianza kuifyonza barafu mwanzo ni tamu kweli halafu mwisho unabaki na kitu cheupe hakina ladha, unakitupia paka. Sasa chukua barafu ya ukwaju ambayo bado ngumu uikate katikati kwa kisu. Pembeni kweupe, katikati kahawia. Maji yanaanza kuganda pembeni kwenye baridi, na barafu ikijijenga inachukua maji peke yake, sukari na ukwaju inavisukuma mbele, havina nafasi kwenye fuwele yake, basi vinakimbilia ndani ndani mpaka vinajikuta vyote vimesongamana katikati, na hapo ndipo panapoganda mwisho.

Aloi, yaani chuma cha mchanganyiko, ni hivohivo. Pistoni ya gari kwa mfano si aluminiamu tupu, ina silikoni ndani. Aluminiamu tupu inaganda kwenye digrii 660, lakini ikiwa na silikoni kidogo chuma cha kwanza kuganda ni kile karibu na utupu wake, silikoni inasukumwa kwenye majimaji yaliyobaki, hayo yanazidi kuwa na silikoni nyingi na yanazidi kuchelewa kuganda, mpaka yafike digrii 577 hapo yaliyobaki yanaganda yote pamoja. Kwa hivo kitu kimoja kilichotoka chungu kimoja kinaweza kuwa na mchanganyiko tofauti pembeni na katikati. Na wale wenye viwanda vya barafu za samaki hili wanalijua miaka, ndo maana wanapuliza hewa ndani ya maji yakiwa yanaganda, yakorogeke, bonge litoke safi lisiwe na ule moyo mweupe.

Na kule kujijenga kwenyewe si kama ukuta unaopanda sawasawa. Fuwele za chuma zinaota kama miti, ina shina, ina matawi, matawi yana vitawi, wataalamu wanaziita dendraiti na neno lenyewe limetoka kwenye Kigiriki cha mti. Mimi nikaona mikoko. Kabisa. Fikiria umesimama kwenye boti maji yamejaa, mbele yako ukuta wa mikoko, mizizi na matawi yameshikana, na maji yapo ndani yake lakini hayatoki kirahisi. Chuma nusu-kimeganda ndo hicho, msitu wa mikoko unaosogea kutoka ukingoni kwenda katikati, na ndani ya msitu kuna majimaji yenye ile silikoni iliyosukumwa, yamenaswa. Msitu wa upande huu ukikutana na wa upande ule katikati, mkondo umeziba, na chuma kikiendelea kunywea hakuna majimaji mapya yanayoweza kupenya kuja kujaza. Panabaki tundu.

Sasa ukikoroga wakati huo? Mkondo ukipita kwa nguvu kwenye kingo za ule msitu, yale majimaji yaliyoshiba yanachezacheza kwenye shingo za vitawi, shingo zinayeyuka, vitawi vinakatika na kuchukuliwa na mkondo mpaka katikati, na huko kila kitawi kinakuwa mche. Wenzangu wa Amu mmewahi kuona mbegu za mkoko zinavyoanguka na kuelea mpaka zipate tope zishike, basi ni hivo hivo. Badala ya miti michache mirefu inayotoka pembeni mpaka katikati unapata vichaka maelfu, vidogo, vimeota kila upande. Chembe ndogo, chuma kigumu zaidi, na ule utamu wa ukwaju hausongamani pahali pamoja.

Tatizo ni mwiko. Ukiingiza fimbo ya chuma kwenye aluminiamu ya moto, chuma kinayeyukia humo kidogokidogo na kinaiharibu, na juu ile ngozi ya oksidi unaivunja na kuizamisha ndani. Na kwa chuma cha pua kilicho kwenye digrii 1500 hivi, mwiko gani? Ndo hapo sumaku inaingia.

Nilipomwambia Ami akacheka mpaka akakohoa. "Sumaku? Sumaku haishiki aluminiamu, haishiki risasi, haishiki shaba. Hata chuma chenyewe kikiwa chekundu sumaku yakiwata (inakiacha)." Na yuko sawa kabisa! Chuma kikipita digrii 770 sumaku haikivuti tena, sasa kikiyeyuka je. Wengi wanakwama hapa, hata mimi nilikwama siku mbili tatu. Ila hapa hatuvuti chuma kwa sumaku. Hapa sumaku ikisogea karibu na kitu kinachopitisha stima, inazalisha stima ndani ya kile kitu, hilo aligundua Mwingereza Faraday, 1831. Na stima ikipita ndani ya kitu kilicho mbele ya sumaku, kitu kinasukumwa, na ndo mota nyingi duniani zinavyozunguka, nguvu hiyo wanaiita ya Lorentz. Sasa unganisha. Sumaku inayozunguka nje inazalisha stima ndani ya chuma kioevu, halafu hiyohiyo sumaku inaisukuma hiyo stima, na chuma kinafuata kuzunguka. Hakuna kinachogusa kitu. Aluminiamu haishikwi na sumaku lakini inapitisha stima vizuri, basi inatosha.

Huyo Faraday mwenyewe alikuwa na wazo ambalo mtu wa Amu angelipenda. Mwaka 1832 alienda London kwenye daraja la Waterloo, akashusha vibamba vya shaba ndani ya mto Thames, akataka kupima stima inayozalishwa na maji yanayopita na bamvua kwenye sumaku ya dunia. Hakufaulu, sindano ya kipimo chake ilicheza ovyo, ila wazo halikuwa na makosa, ni vile tu stima yenyewe ni ndogo na maji yale yana mambo mengine. Nikikaa pale gatini jioni mkondo ukivuta huwa nawaza, haya maji yote yanazalisha stima na sisi hatuna hata ya kuchaji simu.

Basi nkasema nijaribu. Nilikuwa na mota ya pampu ya maji ya kisima, fezi moja, chumvi ilikula beringi zake lakini waya wake mzima. Nkatoa rota, kile kiini kinachozunguka ndani, nkabaki na stata, lile ganda lenye koili na tundu katikati. Kwenye stata nguvu ya sumaku inazunguka bila kitu kusogea, kapasita ndo inaitanguliza stima ya koili moja mbele ya ile nyingine, na tundu lile ambamo hukaa rota mimi nataka nitie chuma cha moto. Ni wazo la zamani sana hili, Galileo Ferraris kule Turin, Italia, mwaka 1885 alizungusha mcheduara wa shaba kwa namna hiyo, na mvumbuzi Tesla kwenye maonyesho ya Chicago 1893 watu walimwona akisimamisha yai la shaba juu ya meza likazunguka lenyewe.

Lakini stata bila rota inavuta stima kama ngamia anavokunywa maji, ukiichomeka hivihivi inaungua kwa dakika. Lazima uiwekee kitu mbele cha kuizuia. Nkachukua pasi ya mamangu. Pasi ya wati 1000, nkaifunga kwa mfululizo na stata, kwa hivo stima haiwezi kupita ampia 4 hivi hata ifanye nini. (Jamani msijaribu haya kama hamjui stima, na zaidi kwa hewa hii yetu ya chumvi.) Nkatumbukiza mkebe wa soda mtupu kwenye tundu, nkawasha, mkebe ukazunguka huo, vuuu, ukaruka ukagonga dari. Ami aliyekuwa hataki hata kuniangalia akasimama. Akaniambia niwashe tena. Tena. Mara ya tano akaita watu wa baraza waje waone.

Chuma nilichochagua ni zinki. Kwanza inayeyuka digrii 420 tu, jiko la makaa na feni linatosha. Pili, kwetu ipo, zile zinki zinazofungwa kwenye injini za boti ziliwe na chumvi badala ya injini, zikichakaa watu wanazitupa. Na tatu, zinki ikivunjika fuwele zake zinaonekana kwa macho, huhitaji darubini. Kwa kalibu nilitumia kikombe cha stili, kile ambacho sumaku haikishiki, manake cha bati kingeizuia sumaku nje, nkakipaka chokaa ndani, nkakizungushia fibaglasi kavu ya kuzibia maboti ili stata isiungue. Zinki nkaikausha vizuri juani na kwenye moto kwanza, kwa sababu tone moja la maji chini ya chuma cha moto ni bomu, na nkawa napika nje kwenye upepo, moshi wake ukiuvuta usiku mzima unatetemeka kama una malaria.

Ya kwanza sikuikoroga. Nikaiacha igande kivyake, nikaitia alama kwa msumeno, jiriwa, nyundo, ikavunjika mara moja. Sindano. Sindano ndefu zinang'aa zimetoka pembeni zote kuelekea katikati kama mbavu za mwavuli, zimekutana kwenye mstari, na juu ya mstari kuna shimo. Ukiipiga inavunjika palepale kwenye huo mstari.

Ya pili nikawasha. Juu ya kikombe niliona zinki imeanza kuzunguka, yale mavi ya chuma yaliyoelea yakawa yanaenda duara polepole, si haraka, kama uji unaouzungusha kwa kijiko kimoja. Nkasema alhamdulillahi. Halafu ghafla ikasimama. Nkaangalia waya, ziko sawa. Kapasita, sawa. Kumbe pasi! Pasi ina ile swichi yake ya joto, ikishapata moto inajikata. Mpaka ilipopoa ikajiwasha tena zinki ilikuwa ishakuwa jiwe.

Nilikasirika nikaitupa pembeni, na nikaja kuivunja kesho yake kwa kukosa kazi tu. Na hiyo iliyoharibika ndiyo iliyonifundisha kuliko zote. Pembeni kabisa sindano zilikuwepo lakini zimelala, zimeinama zote upande mmoja, halafu kuna duara kama pete, na kutoka hapo kwenda ndani sindano zimenyooka tena. Yaani unaona kwa macho yako saa ile pasi ilipojikata, imeandikwa ndani ya chuma. Baadaye nkasoma kwamba hata kwenye viwanda vikubwa vya chuma cha pua jambo hili lipo, ukikoroga kwa nguvu pahali pamoja tu unabaki na ukanda ndani ya chuma, wanauita mstari mweupe, mkondo umeosha ile kaboni na vinginevyo kutoka baina ya matawi na kuvipeleka kwengine. Kwa hivo wale wanaokuja na vidio za kusema koroga tu kila kitu kitakuwa sawa, waongo. Kukoroga vibaya kunaacha alama yake.

Na zile sindano kuinama, nilidhani zimelazwa na mkondo, kama nyasi za baharini. Nkapima kwa alama niliyotia kwenye kikombe. Zimeelekea kule mkondo unakotoka! Sikuamini, nkarudia. Ni kweli, na sababu yake ni ya kupendeza, upande unaopigwa na mkondo ule uchafu uliosukumwa na fuwele unasombwa, pale mbele pako safi, basi fuwele inaota haraka upande huo, na upande wa nyuma uchafu umetulia unaizuia. Boti ikitia nanga Amu omo, yaani upande wake wa mbele, linageuka lielekee mkondo. Sindano za zinki nazo hivo.

Ya tatu nikaacha pasi ya watu, nkachukua kile kichemsho cha maji cha kutia kwenye ndoo, hakina swichi. Mamangu akapata maji ya moto na mimi nkapata mkorogo usiokatika, kila mtu na riziki yake. Hiyo zinki ilikataa kuvunjika. Nkaipiga mpaka jiriwa ikaanza kulalamika, nkaiweka kwenye friza usiku mzima baina ya barafu za ukwaju (nilikoma na maneno asubuhi), ndo ikakubali. Pembeni sindano fupi zimeinama, na kutoka hapo mpaka katikati hakuna sindano tena, ni chembe chembe, kama sukari. Mstari wa katikati haupo. Shimo la juu lipo bado, dogo, limeshuka kidogo pembeni.

Nikajiona nishakuwa mtu mkubwa nkasema niongeze, nkafunga vichemsho viwili sambamba ili stima ipite mara mbili. Zinki ikapanda kwenye kuta za kikombe, katikati ikawa kisima, ikafyonza mavi yote ya juu yakaingia ndani, na nyingine ikamwagika kwenye koili. Stata ile ikafa. Innalillahi. Ilinibidi ningoje wiki tatu nipate nyingine.

Huko kwenye viwanda vya chuma cha pua mambo ni haya haya ila kwa ukubwa wa kutisha. Chuma kinateremka bila kukatika kupitia kalibu ya shaba inayopozwa na maji, nje kimeganda ngozi tu na ndani bado ni kioevu, na njiani wanafunga vikorogeo vya sumaku, kwenye kalibu yenyewe, chini yake kidogo, na kule mwisho karibu na pale kioevu kinapoishia. Na hawatumii hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kama ya kwetu ukutani, kwenye kalibu wanashuka mpaka hezi chache tu. Sababu, sumaku inayobadilika haraka haipenyi mbali kwenye kinachopitisha stima. Kwa hezi 50 kwenye shaba baridi inakufa ndani ya milimita 9 hivi, ukuta wa kalibu peke yake unaimaliza. Kwenye aluminiamu kioevu inafika kama milimita 35, zinki kama 43, na ndo maana kikombe changu kilikorogeka vizuri, ilikuwa bahati tu, sikuwa nimepiga hesabu.

Na hiyo hiyo kutopenya kuna waliyoigeuza kuwa faida. Miaka ya 1960 huko Muungano wa Sovieti, mtu anaitwa Getselev alitumia stima ya frikwensi ya juu, maelfu ya hezi, ambayo haiingii ndani zaidi ya milimita 5 hivi, kwa hivo haikorogi sana, inasukuma ngozi tu, na akaweza kushikilia aluminiamu kioevu isimwagike bila ukuta wa kalibu kuigusa. Sumaku ndo ukuta. Bonge linatoka laini ubavuni manake halijasugua kitu. Hili nilimsomea Ami, akaniambia hapana, hapa umepita mpaka.

Kuna na kinyume chake, sumaku isiyozunguka, imetulia tuli, nayo inafanya kazi ya breki. Chuma kioevu kikipita mbele yake kwa kasi kinajizalishia stima chenyewe na ile stima inakipinga, kinapunguza mwendo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wajapani na Waswidi waliianzisha kwenye kumimina vibapa vikubwa vya chuma, ili ule mmiminiko usizame na takataka mpaka ndani. Na mafuwele ya silikoni ya kutengenezea chipu za simu yanakuzwa wakati mwingine mbele ya sumaku kwa sababu hiyo hiyo, kutuliza. Huku unakoroga, huku unatuliza, ni mkono mmoja.

Na kingine kilichonifurahisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970 pale chuo cha MIT Marekani, mwanafunzi mmoja, David Spencer, chini ya mwalimu wake Merton Flemings, alikuwa anakoroga aloi ya bati na risasi ikiwa inaganda, akakuta kitu hata kikiwa kimeganda sehemu kubwa bado kinatiririka, maadamu unakoroga tangu mwanzo. Mpishi wa halua angemwambia bure.

Haya, na propela? Kila mtu anayekuja karakana ananiuliza hilo. Ukweli ambao sikuupenda ni kwamba sumaku isingeiokoa ile propela. Bawa la propela ni jembamba, linaganda kwa sekunde chache kwenye mchanga, hakuna muda wa kukoroga kitu, na ndo maana nilipolikata lilikuwa laini tayari. Pale shinani ni panene, panaganda mwisho, na aluminiamu ikiganda inanywea, tupu yake ni kama asilimia 6 na zaidi, sasa mabawa yameshaganda, njia ya kulisha imeziba, itajazwa na nani? Juu ya hapo vile vitundu vya duara ni vya gesi ya haidrojini. Aluminiamu ya moto inaifyonza kutoka kwenye unyevu, ikiganda inaitema, na skrapu ya Ami inalala nje, imelowa umande na chumvi na oili. Hilo ni la kukausha skrapu na mchanga, na kuweka kichwa kikubwa cha kulishia, bonge la chuma cha ziada, juu ya kitovu (pale mabawa yanapokutana) kiwe cha mwisho kuganda, ambayo Ami alikuwa anajua siku zote ila alibania aluminiamu.

Akasubu nyingine, kichwa kikubwa mpaka nahodha akauliza kama ni propela au sufuria, skrapu ameipika juu ya bati mchana kutwa. Iko majini tangu mwanzo wa kaskazi. Hatujaitoa kuiangalia.

Vile vipande vitatu vya zinki Ami ameviweka dirishani kwa mpangilio, cha sindano, cha pete, cha sukari, na anawaonyesha wateja kama yeye ndo aliyekesha navyo. Jana nimemsikia anamwelezea mvuvi mmoja wa Kizingitini habari ya omo na mkondo, tena vizuri kunishinda. Sasa anataka kitovu cha propela kikorogwe peke yake kwa chini, na nimepiga hesabu, inawezekana, ila stata yangu ni ndogo na hezi 50 ni nyingi kwa unene ule. Natafuta mota kuukuu ya fezi 3 yenye tundu la inchi 5 au 6 na inverta yake ambayo naweza kuishusha mpaka hezi 10. Aliye nayo, hata Malindi, hata Mombasa, aniandikie hapo chini, usafiri wa boti ni juu yangu.